Kibao Kando ya Luhekesi

17 Novemba 1907

Leo baada ya ibada Mwalimu Gaspari ametugawia karatasi sisi wasichana tunaoweza kuandika bila kusaidiwa. Tuko wawili tu, mimi na Asumpta. Ametuambia tuandike kila siku jambo la kweli, kwa Kiswahili safi, mpaka mvua zitakapokwisha. Jina langu ni Paskalina. Nyumbani naitwa Tabu, na Mwalimu amesema jina hilo nisiliandike. Nimeliandika kwa sababu ni la kweli.

Mvua bado. Mawingu yamekaa juu ya Matogoro, hayashuki.

19 Novemba

Masuku yameiva. Nimekula mengi mno, tumbo linauma.

22 Novemba

Mwalimu amesoma nilivyoandika, akasema ni machache. Basi nitaandika habari za nyumbani.

Tunakaa watatu: Bibi aliyemzaa baba, mama yangu, na mimi. Baba alikufa katika vita, mwaka ule wa maji ya dawa. Waliomwona akianguka wamesema alianguka mbele, si nyuma. Mwili hatukuuona. Tulikimbilia porini, tukala mizizi, na tuliporudi shangazi zangu wote walikuwa wamekufa kwa njaa.

Mama hajaoshwa ujane. Mwanamke akifiwa na mume hushika msiba mpaka mjane mwenzake wa ukoo wa mume, ambaye mwenyewe ameshaoshwa, amtie majini na kumfungua kamba ya gome la mti kiunoni, maji yaichukue. Kabla ya hapo hampi mtu mkono, hali chungu kimoja na wengine, hapandi mbegu katika shamba la mtu mwingine. Mwaka wa kwanza tulikuwa porini. Mwaka wa pili hapakuwa na ulezi wa kupikia pombe ya siku hiyo. Bibi ndiye mjane wa pekee aliyebaki wa ukoo wetu. Amesema mvua hizi hazipiti kabla hajamwosha Mama.

Wajane wetu huoshwa Luhekesi, pale mto unapopinda chini ya mikuyu, kati ya boma na soko. Zamani boma halikuwapo wala soko, palikuwa na mto tu. Bibi anasema hata sisi Wangoni tulipokuja tuliwakuta wenyeji wakiutunza, na sheria zao tukazifuata: chungu chenye masizi hakitiwi mle, mti wa ukingoni haukatwi, na kila mvua zinapoanza wanawake huingia kuzoa majani na matope ili jicho la maji, chemchemi yenyewe, lisizibe. Mwalimu anafundisha kwamba mambo ya wajane ni upagani. Kuhusu kuzoa matope hajasema neno.

28 Novemba

Mvua. Kumbikumbi wametoka kila mahali. Mama amekaanga, akala wake kando, akacheka aliponiona na bawa mdomoni.

3 Desemba

Amekuja fundi kutoka Kilwa, jina lake Iddi, kulifanyia boma matofali. Amechagua udongo wa ukingo wa Luhekesi, na kuni za tanuri amezichagua palepale. Leo ameipiga mikuyu alama za chokaa.

Bibi alinichukua niwe mkalimani. Alisema maneno mengi kwa Kingoni, nami nikayapunguza, maana mengine yalikuwa matusi. Iddi alisikiliza huku akikanyaga udongo kwa miguu, hakusimama. Alimwambia Bibi kuwa yeye hana ugomvi na mto, boma linataka matofali, na matofali hayaivi kwa jua.

"Mwambie huyu," alisema Bibi, "mama yake angempigia magoti aiache miti hii."

Iddi alicheka. "Mama yangu aliniambia nisije bara, nikaja. Ningemsikia, saa hizi ningekuwa nakula samaki."

Biasha muuza nafaka wa sokoni, mke wa askari, alikuwa akipita na kapu. Alimwambia Iddi amwache bibi kizee wa watu, akajitafutie mke, labda angeacha kucheza na matope. Watu walicheka. Bibi hakucheka. Tuliporudi alilala bila kula.

12 Desemba

Mikuyu miwili imeanguka. Mlio wake tuliusikia darasani, na Mwalimu akasita katikati ya sentensi.

15 Desemba

Sokoni wanazungumza juu ya Mdachi mpya ambaye kazi yake ni miti. Wanamwita Bwana Miti. Anaizungushia miti utepe kifuani kama fundi nguo, na watoto wanamwiga wakikumbatia nguzo za baraza. Lakini huko Matogoro ameweka mawe ya mipaka, akasema asikate mtu ndani yake, na Biasha anasema hata maaskari wa boma wamenyimwa kuni.

Nimefikiri jambo. Kama anaweza kuweka mawe Matogoro, anaweza kuyaweka Luhekesi. Nimemwambia Mama. Amesema, "Mwombe mwalimu wako, anaijua njia ya kwao." Nimeona amefurahi, ingawa alikuwa ameinama anapepeta.

16 Desemba

Mwalimu amekubali. Amesema kuvilinda alivyoviumba Mungu si upagani. Nampenda Mwalimu Gaspari kuliko watu wote wasio wa nyumbani.

20 Desemba

Leo nimesema na Bwana Miti, na nitaandika yote.

Alikuwa ametandika ramani mezani, ameibana kwa mawe ya mtoni. Ni mwembamba, ana mafua. Mwalimu alinitanguliza akasema, huyu ni mwanafunzi wangu, anajua habari za kijito.  Nilimweleza kwamba mto ni wa zamani kuliko mji, na kwamba haukukauka hata mwaka wa njaa. Nilimweleza habari za masizi na za miti. Alikuwa anaandika. Alisema Kiswahili cha mkato, lakini nilimwelewa.

"Nani analinda?"

"Wanawake, Bwana."

"Kwa sheria gani?"

Nikasema, kwa sheria ya wazee. Akaniuliza wanawake wanafanya nini pale. Nimefundishwa kutosema uongo, nami sikuona sababu ya kuficha jambo zuri. Nikamwambia wanazoa matope. Nikamwambia na wajane huoshwa pale, hata Mama anangoja, kwa kuwa baba alikufa vitani. Mwalimu alikohoa. Bwana Miti alinyanyua uso, akanitazama muda, kisha akapenga kamasi akaandika tena.

Mwishoni alisema ni mahali pazuri, pafaa kuhifadhiwa. Pafaa kuhifadhiwa! Nilirudi nikikimbia. Mwalimu alikuja nyuma yangu ameinamisha kichwa, nikadhani anaomba.

25 Desemba

Noeli. Tulipewa chumvi kila mmoja.

4 Januari 1908

Iddi ameamriwa kuondoka mtoni. Amehamishia tanuri lake ng'ambo ya barabara ya Peramiho, kwenye udongo mbaya wenye mchanga. Wanawake walipiga vigelegele sokoni mpaka askari akawakemea. Bibi alinishika kichwa kwa mikono yake miwili. Anasema baba angekuwapo angenichinjia mbuzi.

Mama amefanya kitu ambacho sijamwona akifanya tangu vita. Aliimba wakati anatwanga. Aliimba chini chini, na nilipoingia akanyamaza.

9 Januari

Mwalimu ameniambia kibao kitawekwa Luhekesi, na mimi ndiye nitakayekiandika, kwa sababu ya mwandiko wangu. Asumpta amenuna. Nimemwambia atashika bakuli la wino.

10 Januari

Kwa kuwa rangi haijafika kutoka Lindi, tuliupaka ubao chokaa, na kwa wino tukatumia masizi yaliyochanganywa na utomvu. Bwana Miti alisimama nyuma yangu akisoma katika karatasi, Mwalimu akirudia kwa sauti. Mstari wa kwanza niliuandika kwa furaha: MAJI HAYA NA MITI HII NI MALI YA SERIKALI. Nilidhani umekwisha. Kisha akasoma wa pili: MARUFUKU KUKATA, KUCHOTA, KUOGA, KUKUSANYIKA.

Nilisimamisha brashi kwenye neno kukata. Nikauliza, na wanaochota? Bwana Miti alisema kimechimbwa kisima sokoni. Nikauliza, na wanaozoa matope? Alisema watu wa boma watazoa. Sikuuliza la tatu, akalijibu mwenyewe. Alisema wake za watu wa vita hawatakusanyika tena majini, nchi hii imeshaona yanayotoka majini. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayefunga mlango kwa sababu nje kuna baridi.

Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa anautazama ubao. Akasema polepole, "Endelea, Paskalina, wino unakauka."

Nikaendelea. Herufi zote zimekaa sawa. Asumpta alisema ni nzuri kama za kitabu, na sasa hivi ninapoandika haya natamani zingekuwa mbaya.

11 Januari

Kibao kimepigiliwa kwenye mkuyu mkubwa, misumari imeingia ndani ya mti. Bibi aliniuliza kimeandikwa nini. Nikamwambia: watu wasikate. Ni kweli, lakini si yote.

13 Januari

Biasha amemwambia Bibi yote yaliyo kwenye kibao. Askari wamemfukuza Biasha mwenyewe na mtungi wake, ingawa mumewe ni askari. Bibi hakunigombeza, ndiyo sababu nimelia.

18 Januari

Mvua mchana kutwa. Mto umejaa, rangi yake ni ya udongo. Bibi anasema ukishajaa mara moja ukaanza kung'aa, ndipo mjane huingia. Tunausikia tukiwa ndani.

22 Januari

Ulezi umepatikana. Biasha ameuleta, ameusafirisha kutoka Mpitimbi chini ya mahindi, kwa sababu wenye ulezi bado wanauficha. Hakutaka malipo. Alimwambia Mama, "Dada, ukioshwa utanipa mkono. Nimechoka kukusalimu kama namsalimu mbuzi." Mama alicheka. Bibi ameuloweka ulezi usiku huohuo.

25 Januari

Nimekwenda kwa Mwalimu kumwomba awaombee Mama na Bibi ruhusa ya asubuhi moja tu mtoni. Alikuja nyumbani mwenyewe, akavua kofia, akamsalimu Bibi shikamoo. Alisema hawezi kwenda boma, watasema mwalimu anawasemea waasi, na shule itafungwa. Akamgeukia Mama akasema, lakini kuna njia nyingine. Akubali ubatizo. Ubatizo nao ni maji, na ni wa mara moja, nao unaondoa yote.

 Bibi ndiye aliyejibu.

"Mwalimu, maji yako yamekaa ndani ya bakuli. Hayaendi popote. Kifo atakiacha kwenye bakuli lako, wewe utakipeleka wapi?"

Mwalimu aliangalia kofia yake.  Aliaga akaondoka. Nilimtazama akishuka njiani kwenye utelezi, anachagua pa kukanyaga, nikaona ni mtu mwenye hofu, na kwamba labda siku zote alikuwa hivyo.

26 Januari

Nilimuuliza Bibi kwa nini tusiende mto mwingine, mbona Songea ina mito. Amesema mito mingine haimjui baba yako. Nikauliza juu zaidi ya Luhekesi. Akasema huko kuna mawe ya Bwana Miti. Na chini? Chini wanaosha nyumbu wa mizigo wa boma.

29 Januari

Mvua. Pombe imechacha. Mto umeanza kung'aa.

2 Februari

Mkono umechoka lakini lazima niandike.

Juzi alfajiri tulikwenda wanne: Bibi, Mama, Biasha na mimi. Biasha alisema mumewe ndiye mlinzi, atakuwa amelala. Palikuwa na ukungu. Pembeni mwa maji hapakuwa pamezolewa, majani yaliyooza yalifika magotini, na jicho la maji lilikuwa linatoa povu jembamba tu. Watu wa boma hawajazoa hata mara moja. Bibi alianza kuzoa kwa mikono kabla ya lolote, anasema huwezi kumtia mtu katika uchafu. Sisi wote tukazoa. Pale ndipo tulipopoteza muda wetu. Lau tungeingia moja kwa moja yangekuwa yamekwisha. Lakini Bibi asingeweza. Hakuna mwanamke wa kwetu ambaye angeweza.

Tulipomaliza jua lilikuwa limetoka. Mama aliingia mpaka kiunoni. Bibi akaingia nyuma yake, akamshika mabega, akaanza kumtaja baba na baba zake. Alikuwa hajaigusa kamba. Ndipo maaskari wakaja, si mume wa Biasha, wengine, na mmoja akafyatua bunduki hewani.

Walimtoa Bibi kwa kumvuta. Mama alibaki majini amesimama na kamba yake kiunoni, mikono ameiweka juu ya maji. Nilimwambia kwa Kingoni aifungue mwenyewe, ifungue, nani atajua. Alinitazama kama nimesema jambo la aibu. Kisha akatoka.

Mimi waliniacha kwa sababu ya gauni la shule. Biasha walimrudisha kwa mumewe. Mama na Bibi wamefungwa.

5 Februari

Nimepeleka uji. Wameupokea mlangoni, sikuwaona.

6 Februari

Mwalimu amekwenda boma. Amekwenda, licha ya yote. Alirudi akasema Mama atatoka kesho, Bibi bado, kwa kuwa yeye ndiye "mganga". Nilimwambia Bibi si mganga. Alisema amewaambia hivyo mara nyingi kwa Kiswahili na kwa Kidachi.  Sijui sasa nimfikirie vipi.

7 Februari

Mama ametoka.

16 Februari

Wamemtoa Bibi. Nimembeba mgongoni, mwepesi kuliko kuni. Kikohozi chake kinatoka mbali. Sakafu ya kule ina maji.

20 Februari

Mvua. Kikohozi.

21 Februari

Mvua.

23 Februari

Mchana Bibi aliniita akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ubaya wa kufa ni kumwacha Mama katikati ya mto. Alimwomba Mama msamaha. Mama alitaka kumshika mkono, akajizuia, kwa sababu hajaoshwa na Bibi ni mtu safi. Alishika mkeka, karibu na mkono.

25 Februari

Bibi amefariki asubuhi. Tumemzika kabla ya mvua ya jioni. Mwalimu alisimama mbali, akavua kofia.

1 Machi

Hakuna wa kumwosha Mama sasa. Nimehesabu wajane wote wa ukoo wetu niliowahi kuwasikia. Wako porini, hawana makaburi.

8 Machi

Leo nimekutana na Iddi kwenye tanuri lake jipya. Matofali yake yanapasuka kwa sababu ya mchanga. Nilitaka kupita bila kumsalimu, maana nimemchukia muda wote wa mvua hizi, lakini aliniita akanipa pole ya Bibi. Alisema alikuwa mwanamke mkali, Mungu amrehemu.

Kisha akasema, "Mimi ningekata miti yenu, mwanangu. Hilo kweli. Lakini maji ningewaachia. Nani anahitaji kumfukuza mjane majini?"

 Swali hilo nimelibeba njia nzima.

15 Machi

Kwenye kibao masizi yameanza kutiririka. Mvua imeyavuta chini kama machozi. Mwalimu angesema nisitumie mfano huo, umezoeleka. Basi: yametiririka.

19 Machi

Wanawake wawili waliokuwa wakilima kando ya shamba letu wamehamisha mpaka wao. Mama akipita wanashika watoto. Si wabaya. Mjane aliyefika majini akatoka bila kufunguliwa hajawahi kuonekana, hawajui wafanye nini naye.

24 Machi

Biasha amekuja na habari. Wanatafutwa wapishi na wabebaji wa msafara wa Lindi, na huko pwani kuna mashamba ya katani yanayoandika hata wanawake. Alimwambia Mama kule watu wamechanganyika, hakuna anayeuliza nani kaoshwa na nani hakuoshwa. Mama alikuwa anachambua mboga. Alimaliza kuchambua. Akauliza, "Wanaondoka lini?"

25 Machi

Nimemwomba asiende. Nimemwambia nitaacha shule. Amesema, "Ukiacha shule nitakuwa nimekosa vyote." Nimemwambia twende wote. Amesema mimi nina jina safi hapa, na yeye anakwenda mahali pasipo na jina. Nimemkumbusha kaburi la Bibi. Amesema kaburi ni langu sasa. Kila ninachosema ana jibu, na hasemi kwa huzuni, anasema huku anafunga kamba za mzigo.

30 Machi

Mvua kidogo.

2 Aprili

Rangi ya kweli imefika kutoka Lindi, nyeusi, katika kopo. Bwana Miti amehamishwa, na kabla ya kuondoka ameagiza kibao kiandikwe upya. Mwalimu aliniita, akasema hatanilazimisha. Akasema pia kwamba Bwana anayekuja anataka matofali mazuri, na kibao kikifutika Iddi atarudishwa mtoni. Aliyasema yote mawili, akaniacha nichague. Nadhani hilo ndilo jambo la haki alilowahi kunitendea, na nisingetaka kutendewa tena.

4 Aprili

Leo asubuhi nilikwenda Luhekesi na kopo. Hapajazolewa. Jicho la maji silioni tena, pana tope lenye nyasi, na maji yanapita pembeni yake, yamepungua.

Nilikuwa nimemaliza mstari wa kwanza nilipousikia msafara. Barabara inapita hapo karibu. Walitangulia wabebaji wa nta, kisha wa mpira, kisha wanawake watatu wenye vyungu. Mama alikuwa wa mwisho. Tulikuwa tumeagana nyumbani, na sikutegemea atasimama, lakini alitoka mstarini akaja mpaka mwanzo wa miti. Hakuingia. Mzigo ulikuwa kichwani, shingo imenyooka.

Aliniuliza nimeandika nini. Nikamsomea yote, hata mstari ambao nilikuwa sijauandika.

Aliyatazama maandishi. Akauliza, "Neno maji ni lipi?"

Nikamwonyesha kwa brashi. Yeye hajui herufi hata moja. Alilitazama lile neno tangu mwanzo wake mpaka mwisho, kama mtu anayetaka kulikumbuka, na midomo yake ikalitamka bila sauti. Kisha mnyapara akaita, naye akarudi mstarini.

Nikachovya brashi, nikaandika mstari wa pili.